Osha kwanza, ua baadaye: mwongozo wa kudhibiti vijidudu kwenye kliniki ya meno

Wenzangu mnaofanya kazi kwenye kiti cha meno, na hasa nyie wasaidizi ambao ndo mnabeba mzigo wote wa usafi bila kusifiwa, mwongozo huu ni wenu. Nimeuandika kwa kirefu kwasababu naona watu wengi wanajua majina ya dawa za kuua vijidudu lakini hawajui zinafeli wapi, na mara nyingi zinafeli sehemu moja tu: zimewekwa juu ya uchafu. Damu, mate na utando wa bakteria ni ngao. Dawa ikikutana navyo inaishia hapohapo juu na wadudu wa chini wanabaki salama, iwe ni kwenye koleo la kung'olea, kwenye mpira wa maji wa kiti, au ndani ya mzizi wa jino. Kwahiyo kila hatua hapa chini ujiulize kwanza, nimeosha?

Kinywani kuna aina zaidi ya 700 za bakteria zilizotambuliwa, ukiacha fangasi na virusi. Wengi hawana neno wakikaa sehemu yao. Shida inaanza wakitolewa kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine, au wakisukumwa mahali wasipotakiwa kama kwenye damu, kwenye mfupa au kwenye kiini cha jino.

Hatua ya 1: Jilinde wewe kwanza

Hapa sitakaa sana, mnajua. Chanjo ya homa ya ini B dozi zote 3 (ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu mwezi wa 6) alafu pima kinga kama imeshika. Osha mikono kabla ya kuvaa glavu na baada ya kuvua. Glavu hazioshwi wala hazipakwi spiriti ili zitumike kwa mgonjwa wa pili, zinatupwa. Barakoa ikilowa badilisha, na miwani vaa hata kama ni kukwangua ugaga tu, maana hapo ndo matone yanaruka kuliko unavodhani.

Hatua ya 2: Jua kifaa kipi kinataka nini

Kuna mgawanyo mzuri uliopendekezwa na Mmarekani Earle Spaulding na mpaka leo ndo unatumika. Kinachochoma au kukata nyama na mfupa (koleo, visu, sindano, vifaa vya kukwangulia ugaga) lazima kiwe hakina kiumbe hai hata kimoja. Kinachogusa utando wa mdomo bila kuutoboa, mfano kioo cha kuangalizia au trei ya kuchukulia kipimo cha meno (lile umbo la meno linalochukuliwa kwa materio laini), nacho kikiweza kuvumilia joto kinaingia kwenye otoklevu (mashine ya kutakasa kwa mvuke wa moto), kisipoweza ndo kinalowekwa kwenye dawa kali. Kinachogusa ngozi nzima tu, kama mkono wa kiti, kinatosha kusafishwa na dawa ya kawaida. Hendipisi zote (kile kifaa cha mkononi kinachozungusha ncha ya kuchimbia jino), ya kasi kubwa na ya kasi ndogo, zinaingia otoklevu kila baada ya mgonjwa. Kuzifuta na spiriti haitoshi kabisa, kwasababu hendipisi ikisimama kuzunguka inaweza kuvuta mate na damu kuingia ndani yake, na hicho kilichoingia kinatoka kwenye mdomo wa mgonjwa anayefuata.

Hatua ya 3: Kuosha vifaa

Hii ndo hatua ninayoitilia mkazo kuliko zote, naomba usiiruke.

Mgonjwa akishuka tu, vifaa visiachwe vikakauka. Damu ikikauka kwenye bawaba ya koleo inashika kama gundi na hapo hata mswaki hautoi. Kama huwezi kuosha muda uleule, vipulizie povu la kulainisha au vifunike na kitambaa kibichi. Usiviloweke kwenye maji ya klorini kama maandalizi, najua wengi ndo tulivofundishwa, lakini klorini inakula chuma, inapungua nguvu ikikutana na damu, na mbaya zaidi inampa mtu imani kwamba kazi imeshaisha wakati haijaanza.

Kama kuna mashine ya altrasoniki (inayosafisha kwa mawimbi ya sauti ndani ya maji) itumie, inafika kwenye mikunjo ambayo mkono haufiki na inapunguza hatari ya kujichoma. Fungua bawaba zote, vifaa vizame vyote, usivirundike, funika mfuniko (bila mfuniko inarusha matone hewani) na badilisha maji yake walau kila siku au mapema zaidi yakichafuka. Unataka kujua kama mashine bado inafanya kazi? Chukua kipande cha karatasi ya aluminiamu, kishikilie kimesimama ndani ya maji kwa muda ambao mtengenezaji ameelekeza, kikitoka na vitundu na vidoti vimeenea sehemu zote mashine ni nzima, sehemu isipoguswa ujue hapo haifanyi kazi.

Kama ni kwa mkono, vaa glavu nene za mpira, tumia mswaki wenye mpini mrefu na osha kifaa kikiwa chini ya maji ili kisirushe. Suuza, kausha, alafu kipeleke kwenye mwanga na ukiangalie. Meno ya koleo, mikunjo ya bawaba, ncha ya vifaa vya kukwangulia. Ukiona doa la kahawia rudisha kuosha, hata kama foleni ni ndefu.

Hatua ya 4: Otoklevu

Funga kwenye pauchi (mfuko wa kutakasia) kila seti, andika tarehe na namba ya mzunguko. Pauchi zipangwe zimesimama ubavu kwenye raki, zisilaliane, mvuke lazima upite. Otoklevu ndogo ya kawaida, vifaa vikiwa vimefungwa, inataka nyuzi 121 kwa dakika 30. Yenye pampu ya kutoa hewa inaenda nyuzi 134 kwa dakika 3 au zaidi kutegemea mtengenezaji. Muda unahesabiwa kuanzia joto linapofika, sio kuanzia ulipobonyeza kitufe, hilo watu wanasahau sana. Kama unatumia oveni ya joto kavu ni nyuzi 160 kwa saa 2 au 170 kwa saa 1, na usifungue mlango katikati kuongeza kifaa maana itabidi uanze upya.

Kuchemsha kwenye sufuria hakuui mbegu ngumu za bakteria, na lile kabati la mwanga wa zambarau (UV) ni la kuhifadhia tu, sio la kutakasia.

Jambo jingine ambalo nimeliona likipuuzwa ni pauchi mbichi. Mtu anatoa vifaa moto moto karatasi imelowa, anaziweka kwenye meza. Karatasi ikilowa inapitisha bakteria, kwahiyo kile kifaa ulichokitakasa kwa nusu saa kinachafuka ndani ya sekunde ukikigusa. Subiri mzunguko wa kukausha uishe. Pauchi ikitoka bado imelowa inarudi kufungwa upya na kuingia tena.

Sasa, ule mkanda unaobadilika rangi. Mkanda unakwambia kifaa kimepita kwenye joto, haukwambii kwamba vijidudu vimekufa. Weka indiketa (kikaratasi kinachobadilika rangi) ndani ya pauchi pia, na kila wiki fanya kipimo cha mbegu hai. Kwa mvuke zinatumika mbegu za Geobacillus stearothermophilus, kwa joto kavu ni Bacillus atrophaeus. Hawa ni wabishi kufa, ndo maana wakifa tunajua wengine wamekufa pia. Kama wameota, simamisha mashine, rudisha vifaa vya mizunguko ile, tafuta kosa (kujaza kupita kiasi ndo kosa la kawaida) na usiitumie mpaka kipimo kirudi safi. Otoklevu yenye pampu nayo ipimwe kila siku kabla ya kazi kama hewa inatoka yote.

Hatua ya 5: Maji ya kiti

Nikiambiwa nichague sehemu moja iliyosahaulika kliniki nyingi nitasema hii. Ile mipira ya maji inayoenda kwenye hendipisi ni myembamba sana, maji yanapita kidogo kidogo na usiku kucha yanakaa yametulia. Bakteria wanajishika kwenye kuta na kutengeneza utando, kama ule ute unaoushika ukipitisha kidole ndani ya ndoo ya maji iliyokaa siku nyingi. Maji yanaonekana meupe kabisa na yamejaa wadudu.

Sio jambo la kutishana tu. Mwaka 2011 huko Italia mama wa miaka 82 alifariki kwa ugonjwa wa Legionella, na bakteria aliyemuua alifananishwa na yule aliyekutwa kwenye maji ya kiti cha meno alikotibiwa. Marekani, jimbo la Georgia mwaka 2015 na California mwaka 2016, watoto waliotibiwa viini vya meno ya utotoni walipata maambukizi ya Mycobacterium abscessus kutoka kwenye maji ya viti, wengine wakahitaji upasuaji wa taya. Watoto walienda kutibiwa jino tu jamani.

Cha kufanya:

Asubuhi fungua maji yapite dakika kadhaa kwenye kila mpira kabla hujaweka hendipisi. Kila mgonjwa akishuka yapitishe tena sekunde 20 mpaka 30, hii inasukuma nje mate yaliyovutwa. Lakini elewa kwamba kupitisha maji hakuondoi utando, kunapunguza tu wanaoelea. Utando unataka dawa: kwanza dawa kali ya kuuvunja kwa ratiba ya mtengenezaji wa kiti, alafu dawa nyepesi ya kila siku kwenye chupa ya maji ili usirudi. Ukianza na ile nyepesi wakati utando mzee upo unapoteza hela yako.

Chupa ya maji ishike kwa mikono safi na usiguse kile kijiti cha kunyonyea maji, ukikigusa umepanda bakteria upya. Peleka sampuli ya maji maabara kila baada ya miezi kadhaa, kiwango kinachokubalika kwa matibabu ya kawaida ni bakteria wasiozidi 500 kwa mililita 1. Na kwa upasuaji, kukata mfupa au kung'oa kwa kupasua, maji ya kiti hayatumiki hata kama yamepima vizuri, tumia maji yaliyotakaswa kwa bomba la sindano au pampu yake yenyewe.

Hatua ya 6: Kati ya mgonjwa na mgonjwa

Vile vitufe, mpini wa taa, bomba la hewa na maji, vifunike na plastiki, uvue baada ya kila mgonjwa. Inaokoa muda kuliko kufuta. Zilizobaki futa mara mbili: kitambaa cha kwanza kinatoa uchafu, cha pili kinaacha dawa, na dawa ibaki mbichi muda ulioandikwa kwenye chupa. Ukipulizia na kufuta palepale umepaka maji tu.

Kwenye damu iliyomwagika, futa kwanza na karatasi alafu klorini ya asilimia 0.5. Kupata hiyo gawanya nguvu ya dawa uliyonayo kwa 0.5 alafu toa 1, jibu ndo sehemu za maji kwa kila sehemu 1 ya dawa. Dawa ya asilimia 3.5 inachanganywa na maji sehemu 6, ya asilimia 5 maji sehemu 9. Tengeneza mpya kila siku kwasababu inaisha nguvu, na usije ukaichanganya na dawa ya choo yenye tindikali, ile gesi inadhuru mapafu.

Unapotumia hendipisi ya kasi weka sakshen kubwa (mpira wa kunyonya) karibu na jino, inapunguza mno matone yanayotapakaa hewani. Na usimwambie mgonjwa afunge midomo kwenye ile sakshen ndogo ya mate, akifunga inaweza kurudisha mdomoni mwake mate ya mgonjwa aliyepita yaliyobaki kwenye mpira.

Hatua ya 7: Vipimo vya meno na materio

Kipimo cha meno kikitoka mdomoni suuza chini ya bomba mpaka mate na damu viishe, alafu ndo dawa. Kipimo cha alginati kinatofautiana na cha silikoni au poliyetha (zote ni materio za kuchukulia kipimo): alginati inakunywa maji na kuvimba, kwahiyo isilowekwe muda mrefu, ipulizie klorini ya asilimia 0.5, ifunge kwenye mfuko dakika 10, suuza, mimina plasta mapema. Silikoni unaweza kuizamisha kwenye dawa. Poliyetha iwe muda mfupi. Andika kwenye mfuko kwamba imeshatiwa dawa ili fundi wa maabara ajue, na kazi ikirudi kutoka maabara nayo itiwe dawa kabla ya kuingia mdomoni, maana kule inakutana na mashine za kung'arishia na unga wake uliotumika kwa kazi za watu wengi.

Upande wa materio za kujazia: kompoziti (kijazo cha rangi ya jino) toa kiasi chako kabla hujaanza, weka kwenye kijisahani ukikinge na mwanga. Usirudi na spatula yenye mate kwenye tyubu. Ile taa ya kukaushia ifunike ncha yake na plastiki mpya. Guta paka (materio ya kujazia mzizi) haivumilii joto la otoklevu, kwahiyo izamishe dakika 1 kwenye haipokloraiti (klorini ya maji) ya asilimia 5.25 alafu isuuze, usipoisuuza inabaki na chembe za chumvi ambazo zitaharibu ule mbano wa kujaza.

Hatua ya 8: Ndani ya jino lenyewe

Hapa ndo penye utamu wa kazi. Mwaka 1965 Kakehashi na wenzake walitoboa viini vya meno ya panya, kundi moja panya wa kawaida na jingine panya waliokuzwa bila kijidudu chochote. Wa kawaida viini vikaoza na majipu yakatokea, wale wasio na vijidudu jino likaanza kujitengenezea ukuta mpya. Maana yake ukidhibiti bakteria, jino lenyewe lina nguvu ya kupona.

Kwahiyo kwenye matibabu ya mzizi kwanza kabisa weka ule mpira wa kutenga jino. Umekuwepo tangu 1864, haukawishi kazi ukishazoea, na bila huo mate yanaingia muda wote na unachoosha ndani hakina maana. Ondoa ubovu wote na kijazo kibovu kabla ya kufungua kiini, hapo pia ni kuosha kwanza.

Alafu haipokloraiti kwa wingi, asilimia kuanzia 0.5 mpaka 5.25, na kuibadilisha mara kwa mara ni muhimu kama ukali wake, kwasababu nguvu inaisha ikikutana na nyama iliyooza. Sindano iwe ile yenye tundu la pembeni, isibane kwenye mzizi, iishie kama milimita 2 kabla ya mwisho wa urefu wa kazi, na sukuma polepole. Ikivuka ncha ya mzizi mgonjwa anapata maumivu makali na uvimbe hapohapo, sio kitu cha kumtakia mtu. Mwishoni weka EDTA ya asilimia 17 kutoa ule unga unaoziba vitundu vya ukuta wa jino. Ukitaka kutumia klorheksidini, toa haipokloraiti yote kwanza, zikikutana zinatengeneza tope la kahawia linaloziba vitundu hivohivo ulivokua unavifungua.

Kama kazi utaimalizia ziara ya pili, kalsiamu haidroksaidi ndani inafanya kazi kwasababu pH yake ni kama 12.5 na bakteria wengi hawavumilii. Enterococcus faecalis anavumilia kuliko wengine, na ndo huyo mnamkuta sana kwenye mizizi iliyotibiwa ikafeli. Dawa yake ni usafi wa mwanzo na kijazo cha juu kisichovuja, sio kuongeza vidonge. Na antibayotiki jamani: jino lililokufa halina damu inayoingia, kidonge hakifiki mle ndani. Kinasaidia kama mgonjwa ana homa au uvimbe unaosambaa, na hata hapo chanzo lazima kifunguliwe.

Kwenye tundu lililokaribia kiini usikwangue mpaka utoboe. Safisha kuta za pembeni mpaka sehemu ngumu, sakafuni acha ile sehemu laini kidogo, kisha ziba vizuri. Bakteria waliofungiwa bila chakula wanadhoofika. Kwa watoto au wazee wasioweza kukaa kwenye kiti muda mrefu kuna silva daimini floraidi ya asilimia 38, inasimamisha kuoza bila kuchimba ila inaacha weusi wa kudumu, mwambie mzazi kabla sio baada.

Hatua ya 9: Meno bandia

Mfundishe mgonjwa ayavue usiku. Wekundu wa kaakaa chini ya meno bandia mara nyingi unahusishwa na fangasi Candida ambao wanakaa kwenye plastiki yenyewe, ukitibu mdomo bila kutibu meno wanarudi. Ayasugue kila siku kwa sabuni na mswaki, sio dawa ya meno maana inakwaruza na kwenye mikwaruzo ndo wanajificha. Maji ya moto yanayapinda. Klorini isiguse yenye chuma.

Ukijichoma

Sindano ya ganzi irudishwe kwenye kifuniko kwa mkono mmoja tu, kwa kuchota, na boksi la vitu vyenye ncha lifungwe likifika robo tatu. Ukichomwa na kifaa chenye damu usikamue, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, mwambie msimamizi muda huohuo, mgonjwa aombwe apimwe. Uwezekano wa kuambukizwa VVU kwa mchomo mmoja ni kama asilimia 0.3, homa ya ini C kama 1.8, ila homa ya ini B kwa asiyechanjwa unaweza kufika 30. Dawa za kinga za VVU zianze ndani ya masaa machache na zisizidi masaa 72, kwahiyo usisubiri zamu iishe, acha mgonjwa na mwenzio uende.